Nilivyotoa Radhi Isiyokuwa Yangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naliandika mapema ili msomaji usipoteze muda kumtafuta mwingine.

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa bafu, ndani ya ile nyumba ya kupanga ya kujipikia, ghorofa ya tatu, mjini Didim, pwani ya Uturuki. Mimi nilikuwa ndani, povu la dawa ya meno mdomoni, simu sikioni. Mama yangu, Bi Hajira, alikuwa jikoni anagombana na jiko. Na dada yangu Safina, kutoka nyumbani Katesh, alikuwa ameniambia: "Kaka, kaa chini kwanza."

Sikukaa. Bafuni mahali pa kukaa ni pale pale unapopajua.

"Sema tu, Safina."

"Baba ameondoka."

"Ameenda wapi?"

Mnaona? Nilishawaambia.

Safina akalia. Katikati ya kulia akanieleza. Baba alitoka kuswali alfajiri, akakaa kwenye kiti chake barazani, akaomba chai isiwe na sukari nyingi. Safina alipokuja na kikombe, mzee kichwa kimelala begani. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili.

Nikatema povu. Nikaangalia kwenye kioo nikamwona kijana wa miaka thelathini na moja, muuza mapazia, ambaye siku nane zilizopita alimwambia baba yake, "Mzee, mwache mama akapumzishe magoti baharini, wewe utamkuta anakimbia." Mzee akajibu kwamba bahari aliiona Tanga mwaka themanini na nne, na maji hayajabadilika, lakini mama aende.

Kabla sijanawa uso, simu ikaita tena. Baba mdogo Zubery, mdogo wake baba. Huyu ndiye anayeongoza mambo yote ya ukoo wetu, harusi hata vizimba vya kuku.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umeshasikia?"

"Nimesikia."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Vizuri. Asijue."

Nikajifuta povu kidevuni.

"Yusuph, nisikilize. Tunazika leo baada ya alasiri. Hata mkipanda ndege sasa hivi hamtawahi. Na msiba hausemwi mbali, wewe si mtoto. Mwambie presha ya mzee imepanda, mnarudi nyumbani. Akishuka hapa Katesh atakuta wanawake wa kumshika. Huko akianguka atashikwa na nani? Waturuki?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akiwa safarini na nyumbani kumekufa mtu, anaambiwa mgonjwa amezidiwa. Anasafiri akiomba dua ya uponyaji, na anaujua ukweli akiona viti uani. Nimekua nikiyaona hayo. Sikuwahi kujiuliza huyo msafiri anajisikiaje.

"Sawa, baba mdogo," nikasema.

Nikafungua mlango. Mke wangu Raya alikuwa amesimama pale pale, taulo mkononi, amesikia yote. Safari hii ilikuwa fungate letu, msisahau. Fungate la watu watatu, na wa tatu alikuja na sufuria zake.

"Mwambie," Raya akasema kwa sauti ndogo. "Sasa hivi, kabla hajakaa mezani."

"Baba mdogo amesema asiambiwe."

"Baba mdogo yuko Katesh. Mama yuko hapo jikoni."

"Akianguka?"

"Tutamwinua. Tuko wawili."

Raya ni mtoto wa dukani Dongobesh, anapima maneno kama anavyopima sukari. Nilipaswa kumsikiliza. Nikampita.

Mama alikuwa ameinama kwenye lile jiko lao la kioo. Alitoka Katesh na sufuria mbili, kilo sita za unga na mafungu ya vitunguu saumu vya Mbulu, kwa sababu hali chakula cha watu asiowajua. Kumbe jiko lile haliwaki mpaka uweke chombo cha chuma. Sufuria zetu linazikataa. Siku ya kwanza alilisema sana. Siku ya pili Raya akapata kikaango cha chuma kabatini, na tangu siku hiyo tunasonga ugali kwenye kikaango.

"Yusuph, hili jiko lina dharau," mama akasema bila kugeuka. "Njoo uone. Nimeliwekea sufuria ya maziwa linanipigia filimbi."

"Mama. Baba presha imempanda kidogo."

Akageuka. Alikuwa na dera la njano, hina mpya mikononi aliyopakwa na Raya juzi.

"Amekula chumvi," akasema. "Nikiondoka tu, anakula chumvi. Nipe simu yangu nimpigie nimsute."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Mama hakuwa na laini ya kule. Simu yake ilitegemea mtandao wa nyumba. Nikaenda nyuma ya televisheni kama mtu anayetafuta soksi, nikachomoa waya.

"Mtandao umekata, mama."

"Huku Uturuki nao wanakatiwa?"

"Wanakatiwa."

"Kumbe." Akarudi kwenye maziwa. "Basi ukirudi uniambie. Na umwambie Safina amfiche chumvi yote, hata ile ya mawe ya ng'ombe."

Raya akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Nikamsikia akilia kwenye mto.

Asubuhi yote nikawa na simu kibarazani, nabadilisha tiketi. Nafasi ya kwanza ilikuwa kesho yake usiku. Nikalipia. Nikamwambia mama tunarudi kesho kwa ajili ya presha ya mzee, akasema ni vizuri, hata yeye magoti yamepoa na nyumba ya watu imemchosha. Akaanza kufua.

Akafua kila kitu, na shuka za wenye nyumba akazifua. Akawa anaimba chini chini wimbo wa kwao Mbulu, wa zamani, wa kabla hajasilimu na kuolewa Katesh. Nikamwangalia akianika, mikono juu, hina inang'aa, nikasema moyoni: mjane huyu anaanika nguo na hajui.

Saa saba mchana, adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Baba mdogo akapiga tena. Nikasikia nyuma yake sauti za watu wengi, na turubai linapigwa na upepo.

"Yusuph, kuna jambo la radhi."

Wenye kujua wanajua, wasiojua niwaambie. Kwetu mwanamume hatoki nyumbani kwenda kaburini kabla mkewe hajaulizwa kama amemsamehe. Anaulizwa mbele ya watu wachache, anajibu, jibu linatangazwa. Mume akiingia ardhini bila radhi ya mkewe, watu wanamhurumia. Wanasema ameingia na mzigo.

"Mama yako yuko mbali," baba mdogo akaendelea, "lakini watu watauliza. Wameishi vizuri na mzee, wewe ndiye kifungua mimba wake. Tuseme nini?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote nilikuwa naziona vizuri, mchana kweupe. Niingie ndani nikamuulize, maana yake nimwambie. Au niseme sijamwambia, baba mdogo atafute maneno yake.

Nikajitengenezea ya tatu.

"Amesamehe," nikasema.

"Umeshamwambia?"

"Nimemwambia kiasi. Amesema amemsamehe, ya duniani na ya akhera."

"Mwenyezi Mungu amlipe. Subiri hapo hapo."

Nikasikia akiinua sauti. "Jamani, tusikilizane. Shemeji yetu Hajira, ambaye yuko safarini, ametuma radhi. Amemsamehe marehemu mumewe, ya duniani na ya akhera."

"Amin," watu wakajibu. Mamia ya watu. Ile amin ilinipitia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Nikakata simu nikijiona mtu mzima aliyebeba jambo zito.

Nikageuka. Raya kasimama mlangoni.

"Umemsemea mama?"

"Ni maneno ya utaratibu tu, Raya. Kwani angesema nini kingine? Wameishi miaka yote hiyo. Baba kila jioni alikuwa anapiga kumuuliza amekula nini."

"Sijui angesema nini. Na wewe hujui. Ndiyo maana huwa wanaulizwa wenyewe."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Nakuonea huruma." Akaingia ndani.

Saa nane na nusu mama akaanza kuhangaika. Mtandao haurudi kwa nini, jirani wa chini mbona nasikia wake unafanya kazi, twende tukamuombe. Nikaona hapa patalipuka. Nikasema twende ufukweni mara ya mwisho, akaage bahari. Nilikuwa nahesabu muda. Ikifika saa kumi na moja, mzee atakuwa amesitiriwa, na mengine tutayamaliza Katesh.

Tukashuka. Mama katikati, Raya kushoto kimya, mimi kulia nikiongea kama muuza dawa za panya mnadani. Nikamnunulia mama aiskrimu.

Pale ufukweni Wazungu wamelala juani kama samaki waliotandazwa, nguo hazijai kiganja. Siku ya kwanza mama alifumba macho. Siku ya nane alishazoea, anawaonea imani.

"Yule mama mwambie ageuke," akasema. "Upande huo ameshaiva."

Nikacheka. Ndugu msomaji, nilicheka. Baba yangu ameviringishwa sanda, mimi nacheka na aiskrimu mkononi.

Tukafika kwenye kibanda cha makubazi, jirani na bustani ya chai tuliyokaa juzi. Mama akasimama. Akachukua jozi moja ya ngozi, ya kahawia, akaikunja kuona kama inavunjika.

"Haya yanamfaa baba yako. Yale ya kwake ya kuendea msikitini yamekwisha kisigino. Anavaa namba ngapi?"

Raya akaniangalia. Macho yake yalisema *sasa*. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Arobaini na mbili," nikasema.

"Una hakika? Mguu wake wa kulia huwa unavimba."

"Basi chukua arobaini na tatu, mama."

Nikamuomba hata muuzaji atupunguzie. Mama akayashika makubazi yale kifuani, ameridhika. Na hapo hapo, ndani ya mkoba wake, simu ikalia. Mlio mmoja, ikafuata mingine, mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Juzi tulipokunywa chai pale bustanini, mhudumu alimwekea mtandao wao. Simu ikakumbuka. Mimi ndiye niliyesahau.

"Alaa, umerudi," mama akasema kwa furaha. "Huyu ni baba yako ananitafuta."

"Mama, nipe nikushikie."

"Nishikie makubazi."

Mama bila miwani hasomi. Huwa anafungua ujumbe wa sauti. Akabonyeza wa kwanza, akauweka sikioni, lakini simu yake siku zote inaongea kwa nguvu. Tukasikia wote.

Ilikuwa sauti ya mjomba Bonaventura, kaka yake mama, mkulima wa huko juu Mbulu. Hadi leo anamwita mama kwa jina la ubatizo.

"Natalia, dada yangu, pole. Pole sana. Tumetoka Mbulu na basi la asubuhi, tuko hapa kwako Katesh. Shemeji nimemuona, amelala vizuri, uso wake hauna shida. Na tumesikia umetuma radhi, imetangazwa hapa watu wote wakaitikia. Umefanya jambo kubwa, dada. Mimi kwa yale, nisingeweza."

Ikaisha.

Mama akabonyeza tena, akaisikiliza yote kwa mara ya pili. Akatafuta pa kukaa kwa mkono, hakuona. Muuzaji wa makubazi, mzee wa Kituruki mwenye masharubu, hakuelewa neno lakini alielewa uso. Akaleta kiti chake mwenyewe. Akaleta na maji kwenye glasi, akapiga goti chini kumshikia.

"Amekufa saa ngapi?" mama akauliza.

Hakulia. Ningeshukuru angelia.

"Saa kumi na mbili asubuhi, mama."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi."

Akahesabu kwa vidole vyenye hina. "Masaa tisa mimi ni mjane. Na wewe unaninunulia aiskrimu."

"Mama, baba mdogo alisema..."

"Nimefua shuka. Nimeimba." Akaiangalia mikono yake. "Raya mwanangu, nifiche."

Raya akavua baibui lake jeusi pale pale, akabaki na gauni refu na mtandio, akamvisha mama juu ya lile dera la njano. Mama akavua bangili, moja moja, akamkabidhi Raya. Heleni zikakataa kutoka, Raya akamsaidia. Wazungu wawili wakatupita wakiwa wamebeba boya lenye umbo la bata.

"Na radhi," mama akasema. "Nani alisema kwa mdomo wangu?"

Nilijua swali linakuja. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne. Likatoka moja tu.

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Hapana, mama. Nilidhani hakuna tatizo. Nilidhani ni maneno tu."

Akaufunga mkoba wake. Kisha akaanza kuongea akiwa ameangalia makubazi yaliyokuwa mikononi mwangu, na alichosema sikuwahi kukisikia katika miaka yangu thelathini na moja.

"Ulikuwa tumboni, miezi saba. Mimba mbili kabla yako zilitoka. Baba yangu, mzee Tluway, akafa kule Mbulu. Bonaventura akatumwa Katesh kuniita. Akamkuta baba yako dukani. Baba yako akamnywesha soda, akamwambia dada yako ana mimba, habari hii itaiharibu, rudi, nitamwambia mwenyewe kwa utaratibu. Bonaventura alikuwa kijana, akarudi."

"Akakwambia lini?"

"Hakuniambia. Alisema baba yangu amelazwa, anaendelea vizuri. Ukazaliwa. Ukafikisha arobaini. Nikasema naenda kumuonyesha baba mjukuu wake, na kule Mbulu kuna baridi, nikamnunulia blanketi. Zito, la mistari myekundu. Baba yako alikuwepo nikilinunua. Alinisaidia kuchagua."

Raya akaweka mkono mdomoni.

"Nikapanda basi, wewe mgongoni, blanketi kwenye mfuko. Nafika, mama yangu ananiuliza, blanketi la nani? Nikasema la baba. Akanishika mkono kama kipofu, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mahindi. Kaburi lilikuwa limeshaota majani."

Mzee wa Kituruki akasogea pembeni, akasimama akiwa ameinamisha kichwa.

"Ukalifanyia nini blanketi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Nilikufunika wewe. Kulikuwa na baridi."

Nikayaangalia makubazi.

"Hii ni mara ya pili," mama akasema, "namnunulia zawadi maiti, na mwanamume wa nyumba yangu amesimama pembeni ananisaidia kuchagua."

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa na wezi Kariakoo. Nimewahi kupoteza mzigo mzima wa mapazia bandarini. Nimelala stendi Singida na njaa nikawa nawachekesha wenzangu. Hakuna kilichowahi kuniangusha kama hayo maneno, na yalisemwa kwa upole.

"Mama, nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Na yeye alifanya kwa ajili yangu, na yako. Wote mnafanya kwa ajili yangu. Nimechoka kufanyiwa." Akanyoosha mkono. "Nipigie Zubery."

Niliangalia saa. Saa tisa na nusu. Jeneza lingetoka nyumbani saa kumi kasoro robo kwenda msikitini. Nikapiga. Baba mdogo akapokea haraka.

"Yusuph, niko katikati ya watu."

"Si Yusuph," mama akasema. "Ni Hajira."

Tukasikia lile turubai.

"Shemeji," baba mdogo akasema, sauti imeshuka. "Pole sana. Sisi wa Mungu na kwake tunarudi."

"Ndiyo. Mmeshamtoa?"

"Bado, yuko chumbani kwenu, amekwishaoshwa na kuvishwa. Tunajiandaa kumtoa. Tunashukuru kwa radhi yako, shemeji. Watu wamefarijika sana."

"Sikutoa radhi."

"Unasemaje?"

"Ulitangaza maneno ya Yusuph. Ya kwangu bado sijayasema."

Nilimsikia baba mdogo akitembea. Akafunga mlango fulani. Makelele yakapungua.

"Shemeji, usinifanyie hivi. Nimeshatangaza. Hapa wapo watu wa Dongobesh, wa Dirma, wa Gitting, ndugu zako wa Mbulu wapo. Nikiwaambia ile radhi haikuwa yako, uso wangu nitauweka wapi?"

"Uweke pale pale ulipouweka ulipokuwa unatangaza."

"Hajira, huyu ni mumeo. Unataka aingie na mzigo?"

"Sijasema simsamehe. Nimesema sijaulizwa. Tangu nimeolewa kwenu sijaulizwa, nahurumiwa tu."

"Basi nakuuliza sasa. Mimi Zubery nakuuliza. Umemsamehe?"

Raya alikuwa amemshika mama bega. Mimi nilikuwa naomba. Niwe mkweli, sikuwa naomba kwa ajili ya baba peke yake. Nilikuwa naomba mama aseme ndiyo, ili ule uongo wangu wa saa saba ugeuke kuwa kweli, nilale.

"Mama, sema tu," nikanong'ona. "Neno moja."

Hakunitazama.

"Zubery, swali si lako na jibu si lako. Nataka kuongea na mume wangu. Wewe uko chumbani naye?"

"Niko mlangoni."

"Ingia. Weka simu kwenye mto, karibu na kichwa chake. Kisha utoke, na wengine wote watoke. Nikimaliza nitakata, na utajua la kutangaza."

"Hilo haliwezekani. Shekhe yuko nje, watu wamesimama juani, saa imekwisha."

"Shekhe muulize. Kama kuna mahali imekatazwa mke kumuaga mumewe, aje aniambie mwenyewe, nitamsikiliza."

Baba mdogo akaenda. Tukasubiri. Bahari ikawa inapiga mawe. Kisha sauti ya shekhe ikaja kwa mbali, siwezi kuapa nilisikia vizuri, lakini ilisema mwacheni mama aage, swala itasubiri kidogo. Baba mdogo akarudi na hasira ya mtu aliyekosa mtu wa kumuunga mkono.

"Sawa, shekhe amesema hana neno. Mimi ndiye nina neno. Shemeji, sisi ni watu wazima. Maiti hasikii simu. Tutawaweka watu mia tatu juani ili uongee na mtu asiyesikia? Ungekuwa na jambo na kaka yangu, ungemwambia yuko hai. Miaka yote hiyo mlikuwa mnalala chumba kimoja. Kwa nini usubiri leo?"

Nilimwangalia mama. Nilidhani hapo amezidiwa, maana hata mimi niliona hoja ina uzito. Akahamisha simu kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, taratibu, kama mtu anayehamisha mzigo begani.

"Kila nilipoianza habari ya baba yangu, kaka yako alivaa kofia akaenda dukani. Leo hana pa kwenda. Weka simu, toka, na ufunge mlango."